Maji ya bomba yameingia kijijini kwetu: nani kanufaika, na kwa nini wengine wamerudi lamboni?

Binti Mnyampaa

Wakuu, salaam.

Humu kuna nyuzi nyingi za "kijiji chetu hakina maji, viongozi wako wapi". Huu si huo. Sisi tuliopo Singida vijijini maji yamefika. Kisima kirefu, pampu ya sola, tenki juu ya mnara, vilula (vituo vya kuchotea maji) kwenye vitongoji vyote isipokuwa kimoja, na Mwenge wa Uhuru ulipita ukazindua. Ninachotaka tuzungumze ni yale yanayotokea mwenge ukishaondoka, maana hayo hayachongwi kwenye jiwe la msingi.

Kwa wasiojua tulikotoka: kiangazi kikikolea, akina mama walikuwa wanatoka saa kumi alfajiri kwenda korongoni. Unachimba mchanga, unasubiri maji yajikusanye, unachota kwa kata kidogo kidogo, nyuma yako foleni ya madumu. Mwenye punda alihesabika tajiri. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilisema mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka kwake, na kila kituo kihudumie watu 250. Pigeni hesabu. Kaya ya watu sita ni lita 150, yaani madumu saba na nusu ya lita 20, na kila dumu likijaa ni kilo 20 kichwani. Nani angezifuata safari hizo zote korongoni kwa siku moja? Tulikuwa tunaishi kwa madumu mawili matatu. Yale maji kweli yalikuwa machafu, lakini kabla ya uchafu shida ya kwanza ilikuwa uchache. Kumnawisha mtoto uso asubuhi ilikuwa anasa.

Kwa hiyo kilula kilipofunguliwa, kilichobadilika mwanzo kabisa hakikuwa magonjwa. Ilikuwa ni asubuhi. Na tusidanganyane kwamba akina mama walipumzika! Muda uliopatikana ulimezwa na palizi ya alizeti, vikoba, bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, genge la maandazi. Vijana nao wakaanza kufyatua matofali, kitu ambacho zamani usingethubutu kwa maji ya kuchimba. Leo nyumba za tembe zinapungua, na anayepita barabarani anadhani tumepata soko jipya la alizeti. Ni maji tu. (Pombe ya mtama nayo imeongezeka, hilo halimo kwenye taarifa ya mradi.)

Jambo jingine la kuchekesha. Maji yalipokuwa yanabebwa kichwani yalikuwa kazi ya mwanamke. Yalipoanza kubebwa kwa bodaboda na mkokoteni yakawa biashara ya mwanaume. Sina neno, wanaume karibuni, lakini msije mkasema hamkuwa na nguvu za kubeba.

Sasa kinachonisumbua. Mradi una miaka mitatu na kuna kaya zimerudi kuchota lamboni, palepale ng'ombe wanaponywea. Wengine wanasema bei, wengine ladha, wengine hawasemi. Kwenu ikoje?

---

Chapakazi

Nimekaa mbele kabisa na kigoda changu. Mleta uzi, usituache na hicho kitongoji kilichorukwa.

---

Nesi wa Kijijini

Dada, hongera kwa uzi. Nichangie kwa upande wa zahanati.

Watu wa mjini hawaamini nikiwaambia kwamba mama mjamzito kijijini alikuwa anaagizwa aje na vitu vyake vya kujifungulia, na kati ya hivyo ni ndoo ya maji. Uchungu umemkamata usiku, ndugu mmoja anamshika mkono, mwingine amebeba ndoo. Akiwa mama wa mbali anafika ndoo imebaki nusu. Hiyo nusu ndiyo ya kumsafisha yeye, kumsafisha mtoto, kufua kanga na kudeki chumba. Mimi mwenyewe nanawa na nini kabla sijamgusa mama anayefuata? Bomba lilipoingizwa ndani ya zahanati, kwangu ilikuwa kama nimeajiriwa upya.

Ila niwatahadharishe. Maji yakitoka safi kwenye koki hayafiki kikombeni safi kwa lazima. Dumu lilelile lililobebea maji ya lambo, ndani lina utelezi wa kijani. Nyumbani yanamiminwa kwenye ndoo isiyo na mfuniko, mtoto anachovya kikombe pamoja na vidole. Halafu akiharisha watu wanasema "hayo maji ya mradi hayana lolote". Sugueni madumu kwa mchanga na sabuni, hifadhini kwenye chombo chenye mdomo mwembamba, mkiweza chenye koki kwa chini. Ni mambo madogo yenye matokeo makubwa kuliko watu wanavyodhani.

---

Mpenda Ubishi

Mnakuza mambo. Babu yangu kanywa maji ya mto maisha yake yote na kafika miaka tisini. Hawa wa maji ya chupa ndio kila siku hospitali.

---

Bwana Afya Mstaafu

Mpenda Ubishi, mjukuu wangu, babu yako alizaliwa wa ngapi, na wangapi kati ya ndugu zake walivuka miaka mitano? Waulize wazee wakuhesabie. Waliokufa hawapo wa kuja kutusimulia kwamba maji ya mto yaliwashinda.

Nimefanya kazi ya afya vijijini muda mrefu, nirefushe kidogo. Watu wakisikia "magonjwa ya maji" wanafikiria kipindupindu na homa ya matumbo, yaani unakunywa mdudu unaumwa. Ni kweli, lakini hilo ni fungu moja tu. Fungu la pili ni la kukosa maji ya kutosha kunawa: upele, macho, na hata kuhara kwingi kunakopita mikononi. Hapo mleta uzi amesema kweli kuhusu uchache. Chukua vikope, ule ugonjwa wa macho. Wilaya ya Kongwa, jirani zenu wa Dodoma, ilitafitiwa sana kwa ugonjwa huo, na utafiti mmoja wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba baada ya dawa, vijiji vilivyohimizwa kuwanawisha watoto uso vilipunguza vikope vikali. Uso tu! Lakini unamhimizaje mama anawishe uso wa mtoto wakati dumu moja linamchukua muda wa saa nne kulipata?

Fungu la tatu ni la kuingia majini. Kichocho huko kanda ya ziwa hakikupati kwa kunywa, kinaingia kupitia ngozi ukiwa umesimama majini unafua au unachota. Ukimwekea mama kilula, umemtoa ziwani.

Na kuna mnyoo wa Guinea. Ulitesa sana Ghana, Nigeria na Sudan. Unakunywa maji ya bwawa yenye vidudu vidogo vilivyobeba mabuu, mwaka mmoja baadaye mnyoo wa karibu mita moja unatokea mguuni, na unavutwa polepole kwenye kijiti kwa majuma. Mwaka 1986 walikadiriwa wagonjwa milioni 3.5 katika nchi 20. Kuanzia 2021 hadi 2024 hawakuzidi 15 kwa mwaka dunia nzima. Hakuna chanjo wala dawa ya kuutibu. Kilichofanya kazi ni kuchuja maji kwa kitambaa, kuwazuia wagonjwa wasiingie mabwawani, dawa ya kuua vile vidudu na visima salama. Ghana walithibitishwa kuutokomeza 2015.

Kwa hiyo ukiniuliza nianze na maji mengi au maji safi kabisa, nitakwambia mengi na karibu, halafu usafi ufuate bila kuchelewa. Wenzangu wengine hawatakubali, nawajua.

---

Mpenda Ubishi

Shikamoo mzee. Kwa hiyo la babu nimelifuta, ila nabaki na ubishi mwingine: maji ni haki. Kwa nini kijiji maskini kilipie?

---

Fundi Koki

Naomba nijibu hilo kwa sababu ndilo linaloua miradi.

Umoja wa Mataifa ulitambua maji kuwa haki ya binadamu Julai 2010, sawa. Haki maana yake bei isimshinde mtu, haina maana ya kutolipa kabisa. Maji ya mvua ni bure, lakini pampu si ya mvua. Enzi za injini ya dizeli ilikuwa rahisi kuelewa: mafuta yakiisha, maji hakuna, watu wanachanga. Sola imewafanya wanakijiji wengi waamini jua linalipa kila kitu. Hailipi inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa sola, ikiungua. Hailipi pampu iliyoko chini ya ardhi ikikwama kwa mchanga, ambapo unahitaji gari lenye mashine ya kuinulia na mafundi wa kulala hapo. Hailipi mlinzi, na paneli zinaibwa kweli kweli.

Hesabu iko hivi. Uniti moja ni lita 1,000, ni ndoo 50 za lita 20. Ukiuza ndoo shilingi 50, uniti ni shilingi 2,500. Ukiuza shilingi 20, uniti ni 1,000. Kwa kaya ile ya watu sita ya mleta uzi, lita 150 kwa siku kwa bei ya 50 ni shilingi 375 kila siku. Kwa mtu asiye na mshahara hiyo si pesa ndogo, ndiyo maana kiangazi analipa na masika anarudi lamboni maana lambo limejaa. Mapato yanashuka nusu ya mwaka, na mlinzi anadai mshahara mwaka mzima. Bei ikiwa juu watu wanakimbia, ikiwa chini pampu inakufa. Kila kijiji lazima kijitafutie yake, na kwa uzoefu wangu bei inayopangwa kwenye mkutano mkuu hudumu kuliko inayoletwa kwenye karatasi.

Sasa ladha. Dada, mmepima maji yenu? Simaanishi kuangalia kwa macho.

Kisima kirefu kinaweza kutoa maji meupe pe lakini yenye chumvi, sabuni haitoi povu, maharage hayaivi. Au yana chuma: yakitoka ni safi, yakikaa kwenye ndoo yanageuka rangi ya kutu, chai inakuwa nyeusi, mashuka meupe yanaharibika. Hayo hayadhuru sana lakini watu huyakataa, na wanarudi kwenye lambo lenye maji matamu na kinyesi cha ng'ombe. Usiwalaumu, ulimi ndio kipimo walichonacho.

Kibaya zaidi ni kile ambacho ulimi haukioni. Singida, Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Shinyanga kuna maeneo yenye floraidi nyingi ardhini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana watoto wanaota meno ya kahawia, na kwa miaka mingi mifupa inapinda. Kuchemsha hakusaidii, ndiyo kwanza maji yanapungua na floraidi inabaki yote. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe vinavyoipunguza, kituo cha Ngurdoto kule Arusha wamefanya kazi hiyo muda mrefu, ila vinahitaji kubadilishwa mkaa kwa wakati. Ombeni majibu ya maabara. Ni haki yenu kuyaona.

---

Ticha wa Uswekeni

Mimi ni mwalimu wa msingi. Kwetu kila mwanafunzi alikuwa anakuja na fagio na dumu la lita tano. Maji ya kupikia uji, ya kunywea, ya vyoo na ya kumwagilia miti ya mwenge, yote kwa shingo za watoto. Mvua ikikosekana tulikuwa tunawatuma katikati ya kipindi. Hisabati ya darasa la sita ilikuwa inafundishwa kwa walioachwa.

Kilula kilipojengwa jirani na shule mahudhurio ya asubuhi yalibadilika, hasa wasichana. Wale wa darasa la saba walikuwa wanapotea siku kadhaa kila mwezi, na kila mtu anajua kwa nini lakini hakuna aliyekuwa anasema. Choo chenye maji na mlango unaofungwa kimefanya kazi ambayo semina nyingi hazikuifanya. Lakini niseme ukweli, ufaulu haujapanda kivile. Walimu tuko wachache, vitabu vichache. Maji yamewaleta watoto darasani, kuwafundisha ni juu yetu.

---

Mkamba Mtulivu

Salamu kutoka Kitui, Kenya. Sisi Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inatupa haki ya maji safi ya kutosha, lakini katiba haina mfereji, yaani bomba, hahaha.

Mambo ya korongo la mchanga tunayajua sana. Huku Kitui na Makueni vikundi vya kina mama vimejenga mabwawa ya mchanga. Unajenga ukuta wa zege na mawe kuvuka mto wa msimu, mahali mwamba uko karibu. Mafuriko yanaleta mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki ndani ya mchanga. Jua haliyafikii kirahisi, mbu hawapati pa kutagia, ng'ombe hawayachafui. Unavuta kwa pampu ya mkono kando. Haina inveta ya kuungua. Lakini msijenge bila mtu anayejua kupima mwamba, maji yakipita chini ya ukuta mtakuwa mmejenga mnara wa aibu.

Kuna kimoja nimesoma humu kimenigusa, eti wanaume wanabeba ikiwa kuna bodaboda. Huku ni vivyo hivyo. WHO na UNICEF waliandika 2023 kwamba katika kaya saba kati ya kumi zisizo na maji nyumbani, wachotaji wakuu ni wanawake na wasichana.

---

Chapakazi

Na kitongoji kilichorukwa jamani?

---

Binti Mnyampaa

Chapakazi una moyo. Haya.

Kitongoji hicho kiko mlimani, juu kuliko mnara wa tenki. Maji hayapandi yenyewe. Mkandarasi alisema itahitajika pampu nyingine ya kusukuma, fedha haikutosha, akamaliza akaondoka. Mpaka leo wanateremka kununua kilulani au wananunua kwa vijana wa bodaboda kwa bei mara kadhaa ya yetu. Yaani wale wa mbali zaidi ndio wanaolipa zaidi. Na kwenye taarifa ya kijiji wamehesabiwa kwamba wamefikiwa. Uchaguzi wa kamati ulipokuja hawakutokea, wakasema wachague wanaokunywa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maji yamehamisha ugomvi, hayakuumaliza. Zamani ugomvi ulikuwa kwenye foleni ya korongoni, mama kwa mama, na uliisha jioni. Sasa ni wa kitongoji kwa kitongoji, na wa wafugaji kwa wakulima. Mradi haukuweka mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo. Ng'ombe akisikia maji yanamwagika kilulani anakuja, anavunja uzio, msimamizi anamchapa, mwenye ng'ombe anakuja na fimbo yake. Ningepewa nafasi ya kusanifu mradi upya, mbauti ningeijenga kabla ya ofisi ya jumuiya ya watumia maji.

Mkuu Fundi Koki, majibu ya maabara niliyauliza. Nikaambiwa "yapo wilayani". Nitakwenda wilayani. Maji yetu yana chumvi kiasi, hayana kutu. Kuhusu bei umenifungua, maana sisi ni 50 na wanaorudi lamboni ni hasa masika, kama ulivyosema.

---

Fundi Koki

Nenda ofisi ya RUWASA ya wilaya, ndio wanaosimamia maji vijijini tangu walipoanzishwa kwa sheria ya 2019, na chombo chenu cha watoa huduma kinawajibika kwao. Omba kwa barua yenye muhuri wa kijiji, ya mdomo itapotea.

Kabla hamjagombana kuhusu kupunguza bei, fanyeni hivi. Kwenye bomba linalotoka tenkini kuna mita. Kila kilula kina mita. Soma zote jioni ya siku moja, soma tena baada ya wiki. Kilichotoka tenkini toa jumla ya vilula. Kinachobaki ni maji yaliyopotea, ama bomba limepasuka ama kuna mtu amejiunganishia. Kisha linganisha mita za vilula na pesa iliyoingia kwenye akaunti. Hapo utajua kama shida ni bei, bomba au mfuko wa mtu. Vijiji vingi vinapandisha bei kufidia wizi bila kujua.

---

Nesi wa Kijijini

Na mkiwa mnatembea na bomba angalieni panapovuja kwenye tope. Pampu ikizimwa usiku presha inashuka na bomba lililopasuka linanyonya uchafu ndani. Muulizeni na anayetia klorini kama anapima, maana kilulani inatakiwa ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Kwetu aliyekuwa anatia alikuwa anakadiria kwa kiganja.

---

Mpenda Ubishi

Mita ni chombo cha serikali, mwanakijiji atasomaje? Watamfukuza.

---

Binti Mnyampaa

Mita iko nje, namba zinaonekana, nimesoma mpaka kidato cha nne.

Wakuu, mrejesho. Tumesoma mita, mimi na mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji, na leo tumerudia. Pesa na mita za vilula zinakaribiana, kwa hiyo wasimamizi wetu tumewasema bure. Lakini kati ya tenki na vilula kuna maji mengi sana hayaonekani. Tumefuata njia ya bomba kwa miguu. Karibu na mwisho kuna shamba moja lenye mchicha na nyanya za kijani kabisa katikati ya mwezi wa kumi, na mwenye shamba ni mjumbe wa kamati ya maji. Mkutano ni Jumamosi.